Wahamie Kabla Haijaisha: Nyumba ya Kwanza ya Wanandoa na Kosa la Umaliziaji

Katika miji ya Tanzania, na hasa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Arusha, imezagaa rai ambayo wengi hawaioni tena kuwa ni rai, bali huichukua kuwa busara ya kawaida isiyohitaji kuthibitishwa: kwamba wanandoa wanaojenga nyumba yao ya kwanza wanapaswa kuimaliza kabisa ndipo wahamie. Kwa mujibu wa rai hii, nyumba ambayo haijatandikwa marumaru, haijapigwa rangi, haina dari ya jipsamu yenye ngazi na taa zilizofichwa wala madirisha ya aluminiamu, bado ni pagale, na anayeingiza mwenzi wake na watoto humo huhesabiwa kuwa ama ameshindwa maisha ama ana haraka isiyo na heshima. Rai hiyo ni potofu. Inawagharimu vijana miaka mingi ya kodi, inawafanya wapambe nyumba wasiyoijua, na inaliweka pambo mahali ambapo zingepaswa kutangulia afya ya watoto, uhuru wa mke na mume kuamua pamoja, na uimara wa jengo lenyewe. Wanandoa wanapaswa kuhamia mapema, mara nyumba inapokuwa salama, kisha waipambe polepole kadiri maisha yao humo yanavyowafundisha inachohitaji.

Ni haki kwanza kueleza kinachogombaniwa. Umaliziaji, kwa lugha ya mafundi, ni kazi zote zinazofuata baada ya boma, yaani kuta zilizosimama, kupauliwa na kuezekwa: kumwaga jamvi, ambalo ni zege la sakafu, kupiga lipu ndani na nje, kusuka nyaya za umeme na kulaza mabomba ya maji, kufunga milango, grili na madirisha, kuweka dari, kupiga rangi, kutandika marumaru, na mwishoni kabisa kufunga makabati na mapazia. Ukiitazama orodha hiyo kwa makini utaona kwamba imechanganya vitu vya aina mbili visivyofanana hata kidogo. Jamvi, choo, maji, mlango unaofungika, nyavu za kuzuia mbu na nyaya salama ni vitu vinavyolinda uhai wa mtu na uhai wa jengo. Marumaru zinazong'aa, jipsamu ya ngazi tatu, kuta zilizolainishwa kwa unga mweupe na makabati ya jikoni yenye taa ndani yake ni mapambo. Kosa la kwanza la rai inayopingwa hapa ni kuvifunga vyote katika furushi moja, hata wanandoa waliokwisha kupata fedha za aina ya kwanza wakaendelea kupanga kwa mwaka mmoja, miwili au mitano, kwa sababu tu hawajapata fedha za aina ya pili.

Chimbuko la kosa hilo si gumu kulitambua. Nyumba inayopokewa ikiwa imekamilika, ambayo mtu hukabidhiwa ufunguo na kuingia, ilijulikana nchini kupitia nyumba za watumishi wa serikali na mashirika, na baadaye kupitia Shirika la Nyumba la Taifa lililoanzishwa mwaka 1962. Katika mfumo huo mwenye kulipia ujenzi alikuwa mwingine, naye aliyeingia alilipa kodi au kukatwa mshahara. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972 ili kuwakopesha wananchi wajenzi, ilianguka mwaka 1995. Ijapokuwa sheria ya mikopo ya nyumba ilipitishwa mwaka 2008 na kampuni ya kuzipatia benki fedha za mikopo hiyo ikaanzishwa mwaka 2010, waliokopa kwa njia hiyo wamebaki kuwa maelfu machache katika nchi ambayo Sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu milioni 61.7. Kwa maneno mengine, karibu kila familia inayojenga hujenga kwa mshahara, kwa vikoba, kwa upatu, kwa mauzo ya mazao au kwa faida ya duka, na fedha hizo huingia kidogo kidogo. Kipimo cha nyumba iliyokamilika kilizaliwa mahali ambapo fedha zilitoka kwa mkupuo mmoja, na kuwabebesha kipimo hicho watu wanaolipa mwezi kwa mwezi ni kuwadhulumu, hata kama wanaowabebesha ni wazazi na marafiki wenye nia njema kabisa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya kumaliza kwanza, hata hivyo, haihusu fedha. Inahusu ujuzi. Nyumba mpya haijulikani mpaka ikae mwaka mzima na watu ndani yake, kwa sababu mwaka wa pwani ya Afrika Mashariki hauna sura moja. Masika, mvua kubwa za kati ya Machi na Mei, huonyesha bati linalovuja, upande ambao maji ya mvua hurukia ukutani, na njia ambayo maji ya jirani hufuata yakija uani. Kusi, upepo wa kusini-mashariki unaotawala kuanzia karibu na Aprili hadi Septemba, hukitambulisha chumba chenye hewa. Vuli ya Oktoba hadi Desemba hurudia mtihani wa paa, na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki wa Desemba hadi Machi, huja na joto ambalo huwafukuza watu katika chumba kimoja na kuwakusanya katika kingine. Wanandoa waliochagua chumba kikuu cha kulala kwa kutazama mchoro, wakakipamba kwa gharama kubwa kuliko vyumba vingine vyote, hawana namna ya kujua kama ndicho kitakachokuwa tanuri mwezi Februari. Wale walioishi humo mwaka mmoja juu ya sakafu ya saruji wanajua, na kuhamisha kitanda kwenda chumba cha pili hakuwagharimu chochote.

Jua nalo lina kanuni zake. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tangu mapema mwezi Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini wa nyumba, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini. Katika pande hizo mbili jua huwa juu kiasi kwamba upenu wa kawaida, yaani sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, hutosha kuweka kivuli. Ukuta wa magharibi ndio unaopigwa kila alasiri ya mwaka kwa jua lililoinama, ambalo upenu hauwezi kulizuia, na matofali ya saruji huhifadhi joto hilo na kulirudisha chumbani usiku watu wakiwa wamelala. Dawa ya ukuta huo ni mti, baraza, mtambaazi au pazia la nje, na si rangi ya gharama kubwa upande wa ndani. Lakini mtu aliyekwisha kutumia akiba yote katika mapambo ya ndani hana tena fedha za baraza, na mara nyingi atakimbilia kiyoyozi, ambacho bili yake haitaisha maisha yake yote katika nyumba hiyo.

Madirisha yanastahili kutazamwa peke yake, maana ndipo mtindo unaposhinda akili waziwazi kuliko mahali pengine popote. Dirisha la aluminiamu la kuteleza, lenye vioo viwili vinavyopishana, haliwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Dirisha la luva, lenye vipande vya vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kugeuzwa kwa mkono mdogo wa chuma, hufunguka karibu lote na huweza kuachwa wazi mvua ikinyesha. Dirisha la mbao la mbawa mbili hufunguka lote. Kizazi cha wazazi wa wanandoa wa leo kiliishi na luva na mbao, kikapata hewa, na sasa watoto wao wanaziita nyumba hizo za kizamani huku wakilipia nusu ya upepo kwa bei mara mbili. Kama wangehamia kwanza, wakafunga madirisha ya chumba kimoja na kuishi nayo kaskazi moja, wengi wasingeyafunga hayo hayo katika vyumba vitano.

Kuna pia unyevu, adui ambaye watu wa pambo hawamzungumzii. Zege na lipu hukomaa kwa saruji kuungana kikemia na maji, na ingawa kwa desturi nguvu ya zege hupimwa baada ya siku 28, maji ya ziada yaliyobaki ndani ya kuta huendelea kutoka kwa miezi kadhaa. Zaidi ya hayo, pale ambapo fundi hakuweka utando wa kuzuia unyevu juu ya msingi, maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta yanavyopanda katika utambi, yakibeba chumvi ambayo huganda juu ya ukuta kuwa ungaunga mweupe. Ukuta wa namna hiyo ukilainishwa kwa unga na kupakwa rangi ya mafuta kabla haujakauka, maji hunaswa ndani, rangi hufura malengelenge, na ndani ya misimu miwili ya mvua sehemu ya chini ya ukuta huanza kumenyuka. Fundi hulaumiwa, rangi hulaumiwa, hata duka lililouza rangi hulaumiwa, ilhali kosa ni la ratiba. Ukuta ulioachwa na lipu tupu au uliopakwa chokaa kwa mwaka mmoja hukauka, hujionyesha mahali ulipo na ugonjwa, na hutibika kabla ya mtu kuufunika.

Hali ni hiyo hiyo kwa dari. Dari yenyewe ni kitu chema, kwa sababu hupunguza joto linaloshuka kutoka kwenye bati, na hakuna sababu ya kuipinga. Kinachopingwa ni pambo la jipsamu lililowekwa chini ya paa ambalo halijapitiwa na masika hata moja. Ubao wa jipsamu hauvumilii maji, na tundu la msumari lisiloonekana kwenye bati hujitambulisha kwa doa la kahawia katikati ya ua lililochongwa sebuleni. Sakafu nayo ina hatari yake. Bomba la choo likipasuka chini ya marumaru, marumaru huvunjwa, na anayekwenda dukani miaka mitatu baadaye kutafuta zinazofanana hukuta rangi ile haitengenezwi tena, au ile iliyopo imepishana kidogo na ya kwanza, hata sakafu ikabaki na kiraka milele. Nyumba nyingi zinazoitwa kuukuu baada ya miaka michache ni nyumba zilizopambwa mapema mno.

Wanaotetea kumaliza kwanza hujibu kwamba afya ya watoto haipaswi kuwekwa rehani katika nyumba yenye vumbi, na kwamba mtoto anayetambaa anahitaji sakafu safi. Hoja hii ni ya kweli katika nusu yake ya kwanza, na ndiyo maana inastahili jibu la makini. Nchini Meksiko, kuanzia mwaka 2000, serikali ya jimbo la Coahuila iliendesha mpango wa kumwaga sakafu za saruji katika nyumba za familia maskini zilizokuwa na sakafu za udongo, na watafiti walioulinganisha mji wa Torreón na miji jirani ambayo haikuupata mpango huo walikadiria kwamba kuondoa udongo wote kulipunguza minyoo kwa watoto kwa asilimia 78 na upungufu wa damu kwa asilimia 81, huku akina mama wakionyesha kuridhika zaidi na maisha na dalili chache za sonona. Msomaji azingatie kwamba sakafu hizo zilikuwa za saruji tupu. Manufaa yote yale yalipatikana kwa kitu ambacho hapa nchini huitwa jamvi na niru, yaani zege la sakafu na tabaka jembamba la saruji iliyolainishwa juu yake, na hakuna sehemu yoyote ya matokeo hayo iliyotokana na marumaru. Kinyume chake, marumaru zenye kung'aa huteleza zikilowa, na mahali zinapolowa kila siku ni jikoni na bafuni, anapopita mjamzito na mtoto anayejifunza kutembea.

Ushahidi wa mbu unaelekeza huko huko. Katika utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009, nyumba zilizofungwa nyavu madirishani, milangoni na kwenye nafasi kati ya ukuta na paa, pamoja na nyingine zilizowekewa dari ya wavu tu, ziliingiwa na mbu karibu nusu ya wale walioingia katika nyumba zisizo na nyavu, na watoto wake walipata upungufu wa damu mara chache zaidi. Dari ya wavu haipendezi kwenye picha. Hata hivyo, mke na mume wanaotarajia mtoto wa kwanza katika eneo lenye malaria wakiwa na fedha za kitu kimoja tu, basi wavu ndio pambo lao la kwanza, na yeyote anayewashauri kuanza na jipsamu anawashauri vibaya.

Jikoni ndipo rai ya kumaliza kwanza inapofichua udhaifu wake mkubwa wa kijamii. Mchoro wa kisasa huweka jiko lililo wazi kuelekea sebuleni, lenye makabati pande zote, sinki la chuma na meza ya mawe. Nyumba ikihamiwa, mapishi halisi ya ugali, maharage, pilau na samaki wa kukaanga hufanyika nyuma ya nyumba, kwenye mkaa, penye kibanda cha bati kilichojengwa baadaye kwa mabaki ya mbao, kwa sababu hakuna aliyemuuliza mpishi anapikaje, kwa nishati gani, na moshi utoke wapi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034 umeweka lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034, na maana yake ni kwamba familia nyingi zitabadili namna ya kupika ndani ya muongo huu, kutoka mkaa kwenda gesi au umeme, na nyingine zitatumia viwili kwa wakati mmoja kulingana na bei na aina ya chakula. Jiko lililopambwa mara moja na kufungwa haliwezi kufuata mabadiliko hayo. Jiko lililoanza na meza imara ya zege, sinki, bomba, dirisha kubwa na baraza la nyuma lililoezekwa vizuri linaweza, na makabati yatafuata baada ya mwenye kupika kujua mkono wake unafika wapi.

Suala hili la nani anaulizwa linagusa pia haki. Kumaliza kwanza, kwa namna kunavyotendeka, ni mradi wa mwanamume: yeye hujenga, yeye huchagua, yeye humkabidhi mke ufunguo mbele ya ndugu wanaopiga vigelegele, na mke hutarajiwa kushukuru kwa nyumba ambayo hakuamua hata urefu wa karo la kufulia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ina mtazamo wa juu zaidi kuliko huo. Kifungu chake cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake hata kama jina la hati ni lake peke yake, na kifungu cha 114 kinaiagiza mahakama izingatie mchango wa kila mmoja inapogawanya mali iliyochumwa pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali hiyo. Nyumba inayokamilishwa polepole na watu wawili wanaoishi ndani yake, ambapo mmoja mwezi huu ananunua nyavu na mwingine mwezi ujao analipia mlango wa uani, inaitimiza roho ya sheria hiyo katika maisha ya kila siku, bila kungojea ugomvi wa mahakamani kuthibitisha nani alichangia nini. Ni jambo la kusikitisha kwamba sherehe ya ufunguo imepewa heshima kubwa kuliko mashauriano hayo ya kila mwezi.

Tena familia changa hubadilika upesi kuliko nyumba. Mama wa mke huja kumhudumia mzazi na mtoto mchanga, akakaa miezi mitatu. Mdogo wa mume huja kusoma. Dada wa kazi anahitaji mahali pa kulala penye staha. Chumba kilichokusudiwa kuwa ofisi kinakuwa stoo ya biashara ya vitenge. Seti ya sofa za viti saba iliyonunuliwa kwa maseremala wa Keko, Dar es Salaam, kabla ya kuhamia huijaza sebule mpaka hakuna pa kutandika mkeka, na mkeka ndio utakaohitajika wageni wa arobaini watakapokuja. Mwenye kuingia na vitu vichache huona sebule inatumikaje, kisha humpelekea seremala vipimo vya kweli.

Pingamizi linalosemwa mara nyingi zaidi ni kwamba nyumba ikishahamiwa haiishi kamwe, kwa kuwa wenyewe huzoea. Pingamizi hili huchukuliwa kuwa uzoefu uliothibitika, ilhali linasahau kuhesabu kodi. Tuseme wanandoa wanapanga vyumba vitatu kwa shilingi 250,000 kwa mwezi, wakitakiwa kulipa miezi sita au mwaka mzima mbele. Kwa mwaka ni shilingi 3,000,000, na kwa miaka mitatu ya kungoja umaliziaji ni 9,000,000, fedha ambazo zingetosha kazi kubwa katika nyumba ambayo kwa muda huo wote imesimama tupu, ikilipiwa mlinzi, ikiibiwa nyaya na koki za maji. Anayehamia mapema huigeuza kodi kuwa nyavu, lipu na milango. Ni kweli kwamba wengine hulegea baada ya kuhamia, lakini wako pia wanaolegea wakiwa wapangaji, na hao huishia na boma lililoota nyasi.

Historia ya Dar es Salaam yenyewe inapinga dhana kwamba nyumba isiyokamilika huzaa mtaa duni. Katika miaka ya 1970 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, ikaweka barabara, mifereji na maji, na kuwaachia wananchi kazi ya kujenga nyumba zao wenyewe kadiri ya uwezo wao. Watafiti walioyachunguza maeneo hayo miongo kadhaa baadaye waliona majengo makubwa zaidi na yaliyopangika vizuri zaidi kuliko katika maeneo ya karibu yaliyojengwa bila upimaji. Kilicholeta tofauti kilikuwa kiwanja kilichopimwa, njia na maji. John Turner, msanifu wa Kiingereza aliyefanya kazi Peru kati ya mwaka 1957 na 1965, alikwisha kusema katika maandishi yake ya miaka ya 1970 kwamba nyumba ipimwe kwa inachowatendea watu maishani mwao kuliko kwa jinsi ilivyo machoni, na mitaa hiyo ya Dar es Salaam ni ushahidi wake, japo si yeye aliyeijenga.

Limebaki suala la aibu, nalo halipaswi kudharauliwa, maana wakwe watakuja, na mama atasikia majirani wanasemaje juu ya nyumba ya mwanawe. Heshima ya nyumba katika jamii za Waswahili na majirani zao imetegemea sikuzote usafi, maji ya kunawa, mahali pa mgeni kukaa na faragha ya wenyeji. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Magomeni, zenye korido katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma na baraza mbele, zilipokea wageni wa harusi na misiba kwa vizazi zikiwa na sakafu ya saruji na kuta za chokaa. Mgeni aliyepokelewa barazani penye hewa, akapewa maji na choo kisafi, amekirimiwa kwa ukamilifu. Fahari ya jipsamu ni ngeni, imeletwa na picha zinazosambazwa katika simu, ambazo nyingi hupigwa kabla mtu yeyote hajaishi katika vyumba vinavyoonyeshwa.

Hata hivyo, haitetewi hapa hatari ya kuhamia popote na wakati wowote. Vitu vinavyofichwa ndani ya ukuta na chini ya sakafu havina budi kutangulia, kwa sababu kuvirudia ni kubomoa: mabomba ya maji safi na majitaka, shimo la choo lililojengwa kwa kiwango na kwa umbali wa kutosha kutoka kisimani, nyaya zilizosukwa na fundi mwenye leseni, waya wa kutuliza umeme ardhini, na hata mabomba matupu ya kupitishia nyaya za baadaye, ambayo gharama yake ni ndogo sana wakati lipu haijapigwa. Vilevile ununuzi wa rangi wakati wake utakapofika usitazame kivuli cha rangi peke yake, kwani shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa linapendekeza kikomo cha risasi katika rangi kisichozidi sehemu 90 kwa milioni, na mtoto anayelamba kidirisha hajui thamani ya mng'ao. Huko Iquique, Chile, msanifu Alejandro Aravena na wenzake walikamilisha mwaka 2004 nyumba za familia 93 ambazo kila moja ilijengwa nusu tu, lakini nusu iliyochaguliwa ilikuwa ile ngumu: muundo, paa, jiko, bafu na ngazi, na nusu nyepesi ikaachwa wazi kwa wenyewe. Wanandoa wa Mbagala, Dar es Salaam, au Nala, Dodoma, hawahitaji msanifu mashuhuri ili kufuata mantiki hiyo.

Wanachohitaji ni michoro iliyoandaliwa kwa awamu, na hapa lawama inawaangukia wataalamu zaidi ya wanandoa. Wachoraji wengi hukabidhi mchoro wa nyumba iliyokwisha pamoja na makadirio ya gharama yenye jumla moja ya kutisha mwishoni, bila kuonyesha ni kiasi gani kinatosha kufikia siku ya kuhamia, ni kazi zipi zifuate mwaka wa kwanza, na zipi zingoje mpaka mvua na upepo viseme. Taasisi za fedha nazo, vikiwemo vyama vya akiba na mikopo, zinaweza kukopesha awamu moja baada ya nyingine, kiasi kidogo kwa kila moja, kwa masharti ya kwamba nyaya zimekaguliwa, choo kipo na nyavu zimefungwa, badala ya kungoja mteja mwenye uwezo wa kubeba mkopo wa nyumba nzima. Halmashauri zinazotoa vibali vya ujenzi zingeweza kuidhinisha mchoro wa namna hiyo kwa kibali kimoja kinachotambua awamu zote, ili mwenye vyumba viwili vya kwanza asirudi kuomba upya kila anapoongeza ukuta, na mkaguzi aje kuangalia usalama wa awamu iliyokamilika kabla familia haijaingia humo.